Joho Lililobebwa, Kiapo Kilichoachwa

Mwaka 1930, uchumi wa Marekani ulipokuwa umekwisha kuanguka na viwanda vikifunga milango kimoja baada ya kingine, kijana mmoja aitwaye Marvin Bower, aliyezaliwa 1903 na kukulia katika mji wa Cleveland, aliajiriwa na kampuni ya mawakili ya Jones Day mjini humo, akiwa na shahada mbili za Chuo Kikuu cha Harvard: ya sheria aliyoipata 1928, na ya biashara aliyoihitimu mwaka uleule wa kuajiriwa. Shahada ya pili aliitafuta kwa haja. Kampuni hiyo ilikwisha kumkataa mara ya kwanza kwa kuwa alama zake za sheria hazikuwaridhisha wakubwa, naye akaona kuwa elimu ya biashara, ikiwekwa juu ya ile ya sheria, huenda ikambadilishia jibu. Jibu lilibadilika, lakini hakudumu na waajiri wale kwa muda mrefu.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuzihudumia kamati za wenye hatifungani, yaani watu waliozikopesha fedha kampuni ambazo sasa zilikuwa taabani, na katika kazi hiyo ilimlazimu kuketi na wakubwa wa kampuni hizo, kuwahoji, kupekua daftari zao, na kutafuta sababu iliyozifikisha pale zilipofika. Akagundua kwamba aghalabu kampuni hizi hazikukosa mawakili mahodari, wala mabenki ya kuzitazama, wala wahasibu wa kukagua hesabu zao. Zilichokosa ni mtu wa kumwambia mkubwa, waziwazi na bila ya kuchelea mshahara wake, kwamba walio chini yake wanayajua makosa na wanayanyamazia. Karani hamwambii meneja, meneja hamwambii mkurugenzi, na mkurugenzi huzipata habari za maangamizi yake pamoja na barua ya mdai.

Mwaka 1933 Bower alikutana na James O. McKinsey, aliyekuwa profesa wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago na ambaye tangu 1926 alikuwa na kampuni yake ya kutoa ushauri wa hesabu na uendeshaji. Akauaga uwakili, akaenda kufanya kazi katika ofisi ya bwana huyo mjini New York. Miaka miwili baadaye McKinsey mwenyewe alichukuliwa kwenda kuongoza kampuni ya maduka ya Marshall Field, na mwaka 1937 akafariki dunia. Kampuni aliyoiacha iligawanyika 1939: wa Chicago wakaenda na mwenzao A. T. Kearney, wa New York wakabaki na Bower, naye, badala ya kulitundika jina lake mlangoni, akaliacha la marehemu, kwa hoja kwamba mteja akiliona jina la Bower atadai kuhudumiwa na Bower mwenyewe na hatamkubali mwingine. Kwa hoja ndogo namna hiyo, ambayo naiona ni ya wakili hasa, jina la mtu aliyekufa mapema likaenea ulimwengu mzima, na jina la aliyeijenga kampuni likabaki kwa wachache wanaosoma historia.

Nimeanza na habari za mtu huyu kwa sababu vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi, waliosomea sheria miaka minne, wakapita Shule ya Sheria, wakaapishwa na kuvishwa joho mbele ya wazazi waliokodi basi kutoka mkoani, huulizana siku hizi kama inafaa kuiacha kazi hiyo na kwenda kuwa washauri waelekezi wa kampuni na serikali. Na wazee wao, hasa wale waliolipa karo, huichukulia hamu hiyo kuwa ni utoro. Utoro haumo. Kazi ya ushauri wa uendeshaji, kwa sura iliyo nayo leo, ilishonwa kwa sehemu kubwa na wakili, kwa kitambaa cha mawakili, na anayehamia huko atakuta vyumba vingi vinavyofanana na alikotoka.

Bower alipokabidhiwa uongozi wa kampuni ya McKinsey, aliokuwa nao tangu 1950 hata 1967, aliiongoza kwa kanuni alizoziona Jones Day. Alitaka maslahi ya mteja yatangulie maslahi ya kampuni. Siri ya mteja isitoke. Mshauri aseme kweli hata kama kweli hiyo itamkosesha kazi. Na kazi isiyo na manufaa kwa mteja ikataliwe ijapokuwa malipo yake ni manono. Kampuni iwe mali ya wabia wanaoifanyia kazi, wala hisa zake zisiuzwe sokoni. Na yeye mwenyewe alipotimiza miaka 60, mwaka 1963, aliwauzia wenzake hisa zake kwa thamani ya vitabuni, ilhali angaliweza kudai kingi zaidi. Kadhalika alichukua desturi iliyokwisha kushika mizizi katika kampuni ya mawakili ya Cravath ya New York, ya kuwaajiri vijana hodari watokapo chuoni, kuwapima kila baada ya muda, na kumwambia kila mmoja ama apande daraja ama aondoke. Hata mavazi aliyawekea sharti: suti ya rangi ya kiza, soksi ndefu zisizoonesha ngozi ya mguu mtu aketipo, na kofia kichwani, sharti ambalo kwa upande wa kofia lilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenye kucheka na acheke, lakini akumbuke kwamba mahakama zetu za Afrika ya Mashariki, katika joto la Februari, bado zinamtaka wakili avae joho jeusi na ukosi mweupe, na kwa sababu ileile: anayeomba kuaminiwa na mgeni hana budi kuonekana wa kuaminika kabla hajafumbua kinywa.

Sheria yenyewe, nayo, iliisaidia kazi hiyo kukua. Mwaka uleule wa 1933 ambao Bower alihama, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Glass-Steagall, iliyotenga benki za amana na biashara ya dhamana za masoko, na mabenki yakaacha kazi ya kuzichunguza na kuzipanga upya kampuni za wateja wao, kazi ambayo zamani yaliifanya kimyakimya. Pengo hilo likajazwa na washauri. Waliohama baada ya Bower ni wengi, na baadhi yao hawakupata hata kusimama mbele ya hakimu. Mitt Romney, aliyekuja kugombea urais wa Marekani 2012, alihitimu sheria na biashara kwa pamoja Harvard mwaka 1975, akafaulu mtihani wa uwakili wa jimbo la Michigan, kisha akenda moja kwa moja kwenye ushauri, kwanza katika Boston Consulting Group na baadaye Bain, asirudi tena katika sheria.

Sasa tumtazame kijana wetu. Sababu za kutaka kuhama, akizitaja kwa uaminifu, si za siri: shauri linaloahirishwa mara kwa mara kwa kuwa jalada halikuonekana, au hakimu yuko likizo, au wakili wa upande wa pili ana udhuru; asubuhi nzima katika ofisi ya msajili wa hati kuthibitisha kiwanja ni cha nani; usiku wa kusoma mkataba wa kurasa mia moja na kubadilisha vipengele viwili; na juu ya yote hayo, hisia kwamba huitwa mambo yakisha kuharibika. Mteja humjia wakili akiwa na barua ya kumfukuza mfanyakazi aliyekwisha kumfukuza. Kijana anayetamani kukaa kwenye baraza ambamo shauri la kumfukuza au kumbakisha linakatwa, hana kosa.

Lakini mlangoni atakutana na mtihani ambao Shule ya Sheria haikumwandalia. Mfikirie mwombaji, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, wakili wa miaka minne kazini, ameketi mbele ya msaili aliye mdogo kwake kwa umri, naye anaulizwa: je, wakazi wa Dar es Salaam hununua unga wa sembe kiasi gani kwa siku? Hapana kitabu mezani, hapana simu, hapana jalada. Jibu la kwanza linalomjia wakili ni kuuliza takwimu ziko wapi na zimethibitishwa na nani, kwa kuwa amefundishwa kuwa neno lisilo ushahidi halisemwi. Msaili anangoja. Ndipo anachukua kalamu na kuandika kwamba sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi zaidi ya milioni 5.3; achukulie, kwa kukadiria tu, robo kilo kwa kila mtu, apate kilo 1,325,000, yaani viroba 53,000 vya kilo ishirini na tano; halafu akumbuke kuwa wamo watoto wachanga, na wamo waliokula wali mchana na chapati usiku, akate nusu, abaki na viroba 26,500; kisha aseme kwamba makadirio haya huenda yamepotoka sana, ila nambari anayoitilia shaka zaidi ni ile robo kilo, na kwamba akipewa siku moja atakwenda Manzese na Tandale kuwauliza wenye maduka. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayompatia kazi. Msaili hakuutaka unga. Alitaka kuona kama mtu anaweza kutembea kwenye ardhi isiyo na hakika bila ya kusimama na bila ya kujidai kuwa ana hakika, na kama anaijua shaka yake inakaa wapi.

Hapo ndipo penye ikhtilafu kubwa ya kazi hizi mbili, nayo ni ya tabia kuliko ya elimu. Hesabu hujifunzwa, kampuni kubwa zinazowaajiri wanasheria huwapa mafunzo ya majuma machache ya fedha, uhasibu na masoko, na mwenye akili ya kuchambua hukumu ya Mahakama ya Rufani hatashindwa kusoma mizania, akipata wa kumwonesha safu ya madeni na safu ya mali. Tabia ni ngumu zaidi. Wakili amelelewa kuona hatari: akipewa mpango, hutafuta mahali utakapovunjikia, na maoni yake ya kisheria huyaandika kwa hadhari, kipengele baada ya kipengele, akiacha mlango wa kutokea kila mwisho wa ukurasa. Mshauri mwelekezi huulizwa swali moja, tufanye nini, na hutakiwa kulijibu katika sentensi ya kwanza, kabla ya sababu, kwa maneno ambayo mkurugenzi mwenye robo saa tu anaweza kuyabeba kwenda nayo bodini. Wakili aliyezoea kuanza na ukweli wa shauri, akaja kwenye hoja, akaja kwenye sheria, na kufikia uamuzi katika ukurasa wa ishirini, atajikuta anarudishiwa kazi yake na kijana wa miaka ishirini na nne aliyeandika juu yake kwa kalamu nyekundu: geuza.

Hata hivyo anakwenda na akiba si haba. Anajua kuhoji, na uchunguzi wa kampuni, ukiuondolea majedwali na michoro yake, ni kuwahoji watu wanaoogopa kusema. Wakili aliyepata kumwongoza shahidi mwenye hofu, akamwacha anyamaze mpaka kimya chenyewe kikamlazimisha kuongeza neno, atayapata kwa msimamizi wa ghala mambo ambayo mhitimu wa biashara hatayapata kwa fomu ya maswali arobaini. Anajua kusoma karatasi nyingi na kuokota mstari mmoja wenye maana. Anajua, tena, kwamba kila habari ina pande mbili, na kwamba meneja anayelalamikiwa na wote hana budi kusikilizwa. Haki hii ya kusikilizwa, ambayo kwa wakili ni kama pumzi, washauri wengi huisahau wanapopanga nani apunguzwe kazi.

Nimeyasema hayo kwa moyo mkunjufu kwa sababu nataka sasa niseme lililo zito. Bower aliichukua kutoka kwa mawakili adabu yao yote, mavazi na ubia na siri na kumtanguliza mteja. Kiapo hakukichukua, wala asingeweza, kwa kuwa kiapo hutolewa na dola na mahakama. Wakili wa Tanzania jina lake limo katika daftari linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Akimdhulumu mteja hushitakiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, ambayo yaweza kumsimamisha au kulifuta jina lake. Na aliyoambiwa na mteja wake kwa siri ya kazi, sheria ya ushahidi humlinda asilazimishwe kuyatoa. Mshauri mwelekezi hana daftari la namna hiyo, wala kamati inayoweza kumkataza kesho kufanya kazi aliyoifanya vibaya jana, na siri yake haina ulinzi huo mbele ya hakimu. Amebanwa na mkataba wake, na sheria za nchi zinazombana kila mtu, na dhamiri. Mawakili waovu wapo, na asiyewajua hajapata kununua kiwanja; lakini yuko wa kuwashitakia.

Dhamiri bila ya daftari imezaa nini, kampuni hiyohiyo ya Bower ni shahidi. Bower alifariki Januari 2003, akiwa na miaka 99, na mengi ya yafuatayo hakuyaona. Rajat Gupta, aliyeiongoza kampuni kuanzia 1994 hadi 2003, alitiwa hatiani 2012 kwa kuvujisha siri za bodi ya benki ya Goldman Sachs, ingawa wakati huo alikwisha kuondoka. Februari 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 573 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani kuhusu ushauri wake kwa watengenezaji wa dawa za maumivu zenye kulevya, na Desemba 2024 ikakubali kulipa dola milioni 650 nyingine kumaliza uchunguzi wa jinai wa serikali ya nchi hiyo kuhusu kazi yake kwa Purdue Pharma, wenye dawa ya OxyContin. Na mwezi huohuo ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kwa ajili ya hongo iliyotolewa Afrika Kusini ili kupata kazi za mashirika ya umma. Fedha hizo ni nyingi, na zimelipwa. Lakini kanuni ya kukataa kazi isiyo na heri kwa mteja, iliyosimamiwa na mtu mmoja mwenye kofia, ilikuwa na nguvu maadamu mtu huyo yupo.

Na sisi tunayo hadithi yetu, ingawa hiyo si ya jinai hata kidogo. Wasomaji wa makamo wataikumbuka sera ya Madaraka Mikoani ya 1972, ambayo kwayo serikali ya Mwalimu Nyerere ilizivunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata, kazi zao zikahamishiwa kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Kampuni iliyoajiriwa kushauri namna ya kuupanga utawala huo mpya ilikuwa McKinsey. Haitakuwa insafu kuubebesha ushauri lawama yote. Mwalimu alikuwa na sababu zake, alitaka maamuzi yasogee karibu na wananchi, na uamuzi ulikuwa wake na wa serikali yake. Lakini matokeo yalikuwa kwamba wananchi walisogezewa watumishi na kunyang'anywa madiwani. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, na sheria za serikali za mitaa zikatungwa upya 1982. Na katika mahojiano aliyoyatoa mwaka 1984 Mwalimu alisema kwa kinywa chake kuwa kuzivunja serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyarudia. Mwenye nchi alijibu mbele ya nchi. Mshauri hakuwa na pa kuitwa kujibu.

Kwa hiyo kwa vijana wanaotaka kuhama, na hasa yule mwanamke wa viroba 26,500, nina ombi moja la kiofisi kabisa. Hameni; kazi ni nzuri, akili yenu itatumika, na mtakaa kwenye mabaraza ambamo mambo hukatwa kabla hayajaharibika. Ila msiombe jina lenu litolewe katika daftari la Msajili. Liacheni lilale humo, ili mteja atakayeona kuwa mmemshauri kwa hila, akiwa ni shirika la umma, au kiwanda cha Tanga, au halmashauri ya wilaya isiyo na fedha za kugombana, ajue kuwa katika chumba kile chenye washauri sita wenye suti, yumo mmoja ambaye anaweza kushitakiwa mbele ya Kamati.